Siku kama ya leo: kutayarisha dakika tatu za historia ya muziki redioni

Kipande cha "siku kama ya leo" kinaonekana chepesi. Unashika simu saa 11 alfajiri, unaandika tarehe, yanamwagika majina ishirini ya wanamuziki waliozaliwa au kufa, unasoma matano, unapiga wimbo, umemaliza. Huko Tandahimba mtu aliyefunga redio kwenye baiskeli akielekea shamba amesikia majina asiyoyajua ya watu wa miji asiyoijua, na huenda tarehe mbili kati ya hizo tano si sahihi. Kesho yake anabadilisha stesheni.

Mwongozo huu ni wa mtayarishaji wa redio ndogo ya Mtwara au Lindi mwenye kompyuta moja, daftari, simu na saa moja kwa siku. Sehemu kubwa inahusu tarehe yenyewe, kwa sababu ndiyo inayoharibika mara nyingi. Sauti na usomaji vinajifunzwa upesi zaidi.

Daftari la kurasa 366

Nunua kaunta buku kubwa, au mbili, upate kurasa 366. Kila ukurasa ni tarehe moja, 29 Februari ikiwemo. Jedwali la kompyuta nalo ni zuri, lakini umeme ukikatika dakika kumi kabla ya kipindi, daftari linasomeka kwa tochi ya simu.

Kwa kila tukio andika: mwaka, nini kilitokea, wapi, ni siku ya aina gani (kurekodi, kutoka sokoni, kutumbuiza, kufariki, kutangazwa), saa zetu kama inajulikana, chanzo cha kwanza, chanzo cha pili, wimbo utakaopigwa, na jina la kigeni linavyotamkwa. Tukio lenye chanzo kimoja liandike kwa penseli. Likipata cha pili, pitisha kalamu juu yake. La penseli halisomwi hewani hata siku ikiwa kavu kiasi gani.

Jaza wiki mbili mbele. Atakayejaza asubuhi ya siku yenyewe atachukua chochote anachokikuta.

Siku ipi hasa?

Wimbo mmoja una siku nyingi: ya kurekodiwa, ya kutoka, ya kupigwa redioni mara ya kwanza, ya kuingia kwenye chati. Orodha za mtandaoni huzichanganya zote chini ya neno moja, "ulitoka". Chukua ule wimbo wa wasanii wa Marekani wa kuchangia wenye njaa wa Ethiopia, "We Are the World". Uliimbwa studio mjini Los Angeles usiku wa kuanzia 28 Januari 1985, na ukatoka sokoni 7 Machi mwaka huohuo. Tarehe zote mbili ni za kweli na kila moja ina ukurasa wake kwenye daftari. Kosa ni kuandika kwenye ukurasa wa Januari kwamba ulitoka.

Vifo navyo vina mtego wake. Tupac Shakur alipigwa risasi Las Vegas tarehe 7 Septemba 1996, akafariki tarehe 13. Fela Kuti alifariki 2 Agosti 1997, ila dunia ilipata habari kesho yake ndugu yake alipotangaza, ndiyo maana tarehe 3 bado unaikuta ikizunguka. Kabla hujaandika kifo, jiulize kama tarehe uliyoishika ni ya kufa, ya kutangazwa au ya kuzikwa. Kwetu mtu huzikwa kesho yake au hata siku ileile, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Kwa msanii aliyefia nje na mwili ukasafirishwa, mazishi yanaweza kuchelewa kwa wiki nzima na zaidi.

Matamasha ya siku nyingi yanahitaji jicho. Woodstock ilitangazwa kuwa ya siku tatu, 15 hadi 17 Agosti 1969, lakini ratiba ilichelewa mno hata Jimi Hendrix akapanda jukwaani asubuhi ya Jumatatu tarehe 18. Anayemweka Hendrix tarehe 17 amesoma bango la tamasha, hakusoma kilichotokea.

Tarehe za albamu za zamani ndizo tepetepe kuliko zote. "Thriller" ya Michael Jackson utaikuta 29 Novemba 1982 mahali pamoja na 30 Novemba mahali pengine. Ya namna hiyo isemee kwa mwezi: "mwishoni mwa Novemba 1982". Ukishaisemea hivyo haina tena nafasi katika kipande cha siku moja. Iache, siku hiyo itakuwa na kingine.

Saa za wapi?

Hapa ndipo mtayarishaji wa kusini anapoweza kumpita yule wa mbali anayenakili orodha tu. Tukio likitokea usiku Marekani, kwetu huwa kumekucha, na tarehe imeshabadilika.

John Lennon alipigwa risasi New York tarehe 8 Desemba 1980, kama saa 4:50 usiku kwa saa za huko. Majira ya baridi New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Ongeza saa 8: kwetu ilikuwa saa 12:50 asubuhi ya tarehe 9 Desemba, watu wakiamkia sikukuu ya miaka 19 ya Uhuru wa Tanganyika. Michael Jackson alithibitishwa kufariki Los Angeles tarehe 25 Juni 2009, saa 8:26 mchana. Majira ya joto Los Angeles iko nyuma yetu kwa saa 10, kwa hiyo Mtwara ilikuwa saa 6:26 usiku, tarehe 26 imeshaingia.

Kanuni: tukio linabaki na tarehe ya mahali lilipotokea. Lennon ni wa ukurasa wa tarehe 8, Jackson wa tarehe 25. Saa zetu zitaje kama kionjo cha habari, kwa sababu msikilizaji wa miaka hamsini anakumbuka alivyoipata habari ile, na kumbukumbu yake ni ya kesho yake. Usipoeleza, atapiga simu kukukosoa, na kwa upande wake atakuwa na haki.

Tofauti za kubandika ukutani studio, za kuongeza ili upate saa zetu:

New York: 8 majira ya baridi, 7 majira ya joto.
Los Angeles: 11 na 10.
London: 3 na 2.
Kinshasa na Lagos: 2 mwaka mzima.
Abidjan: 3 mwaka mzima.
Johannesburg: 1 mwaka mzima.

Tangu 2007 saa za majira ya joto Marekani huanza Jumapili ya pili ya Machi na kuisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa miaka ya nyuma mipaka ilikuwa mingine, hivyo tukio la Machi, Aprili, Oktoba au Novemba likiangukia karibu na saa sita usiku, acha kabisa kutaja saa zetu.

Angalizo jingine dogo lenye madhara makubwa: chanzo cha kigeni kikiandika 2:26 pm, mtangazaji aliyechoka husoma "saa mbili na dakika ishirini na sita". Kwenye karatasi ya kusoma usiache saa ya kizungu hata moja. Geuza zote mezani, hewani usigeuze kitu.

Na Wamarekani huanza na mwezi kisha siku. Bob Marley alizaliwa 6 Februari 1945. Mmarekani akiandika 2/6/1945, huku kwetu inasomeka tarehe 2 Juni. Siku zote kuanzia tarehe 1 hadi 12 ya kila mwezi zina hatari hii. Mwezi uandike kwa jina lake.

"Usiku wa Ijumaa"

Historia ya muziki wa kusini haimo kwenye orodha za mtandaoni. Imo vichwani mwa wazee wa Mikindani, Kilwa Kivinje, Lindi mjini, Nachingwea na Masasi waliocheza dansi kwenye kumbi, waliopiga gitaa au waliobeba ngoma. Kuitoa huko na kuipatia tarehe ni kazi ya ufundi.

Jambo la kwanza ni siku yenyewe. Kwa mzee wa pwani siku huanza jua likizama. Akikuambia dansi lilipigwa "usiku wa Ijumaa", huenda anasema ule usiku unaokuja baada ya magharibi ya Alhamisi. Kijana akisikia hivyo anaandika Ijumaa usiku, na tarehe imeruka siku moja. Usibishane naye, muulize tu hivi:

"Shikamoo babu. Huo usiku wa Ijumaa, kulipokucha mlikwenda kuswali Ijumaa, au ilikuwa Jumamosi?"

"Marahaba. Tulikwenda msikitini, macho mekundu."

Basi ni Alhamisi kuamkia Ijumaa. Kwenye daftari andika hivyohivyo, "Alhamisi kuamkia Ijumaa", na tarehe zote mbili. Hata kwa habari za mbali neno "kuamkia" linafaa sana. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan alfajiri ya Jumapili 24 Aprili 2016, katika onyesho la usiku wa kuamkia siku hiyo, naye akafariki. Kiswahili kina neno la jambo hilo, litumie.

Jambo la pili ni mwezi. Ukimuuliza mzee "ilikuwa mwezi gani?" atakupa wa kukisia ili asikuvunje moyo. Uliza kazi na hali ya hewa. Mvua zilikuwa zimeanza? Hapo ni Novemba, Desemba na kuendelea. Mlikuwa mnapulizia salfa kwenye mikorosho? Basi ni kati ya Mei na Agosti. Mlikuwa mnaokota korosho, pesa ipo? Oktoba hadi Desemba. Vijana walikuwa jandoni? Nusu ya pili ya mwaka. Maonyesho ya Nane Nane Ngongo yalikuwa yamepita? Ramadhani na Idi zinasaidia sana, mradi ukumbuke hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Tafuta Idi ya mwaka ule iliangukia tarehe gani.

Mwaka ufunge kwenye tukio kubwa. Kifo cha Sokoine ni 12 Aprili 1984, cha Mwalimu Nyerere 14 Oktoba 1999. Vita ya Kagera ni 1978 na 1979. Mvua za El Nino ni 1997 kuingia 1998. Daraja la Mkapa kwenye Rufiji lilifunguliwa 2003, na swali la "bendi ilikuja kwa pantoni au kwa daraja?" hupata jibu bila kusitasita, maana aliyelala Ndundu akisubiri pantoni hasahau.

Mwisho linganisha siku ya wiki na tarehe. Kalenda ya simu inarudi nyuma hadi miaka hiyo. Kama huna, kalenda hujirudia kila baada ya miaka 28, kwa hiyo ya 1979 ni sawa na ya 2007. Mzee akisema Jumamosi na tarehe uliyopewa inaangukia Jumanne, kimoja hakiko sawa, na mara nyingi ni tarehe. Siku ya wiki watu huikumbuka vizuri zaidi kwa sababu dansi lilikuwa na siku zake.

Vyanzo viwili ni watu wawili

Kurasa kumi za mtandaoni zenye sentensi ileile, na kosa lilelile la herufi, ni chanzo kimoja. Cha pili ni kile kisichoweza kuwa kimenakili cha kwanza: gazeti la siku iliyofuata, jalada au lebo ya santuri, mahojiano ya mwenyewe, ratiba ya redio, jiwe la kaburi. Magazeti kama Uhuru na Daily News ya miaka hiyo yanafaa sana kwa vifo na ziara za bendi. Anza na maktaba ya mkoa, uliza waliyohifadhi, na ukumbuke kuwa habari ya usiku hutoka kwenye gazeti la siku moja au mbili baadaye.

Wanamuziki wetu wakubwa wana mapengo, na pengo si aibu. Bi Kidude alifariki Zanzibar 17 Aprili 2013, hilo halina ubishi. Siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote, kwa hiyo hana "leo angetimiza miaka kadhaa", na anayeisoma ameitunga. Mbaraka Mwinshehe alipata ajali Mombasa Januari 1979, na kifo chake utakikuta 12 Januari kwa mmoja na 13 Januari kwa mwingine. Huyu, tofauti na "Thriller", si lazima umwache: mpige tarehe 12 au 13 ukipenda, lakini sema "katikati ya Januari 1979" na usijifanye una uhakika wa siku. Msikilizaji wa muziki wa dansi anakuheshimu zaidi ukisema hivyo, kwa sababu ubishi wenyewe anaujua. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 na alifariki 8 Julai 1950. Tarehe ya kifo inakupa ukurasa, na ya Bombay unaipachika humohumo kama maelezo.

Kuchagua kinachomhusu mtu wa hapa

Kwa siku moja chagua tukio kuu moja na dogo moja. Mawili tu. Yakiwa matano hakuna litakaloshikwa.

Kipimo ni uzi: kitu gani kinamfunga msikilizaji wa Ruangwa au Newala na tukio hili? Tarehe 5 Septemba 1946 alizaliwa Freddie Mercury wa kundi la Queen. Mahali: Zanzibar. Uzi umepatikana. Bob Marley aliimba uwanja wa Rufaro katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe, usiku wa kuamkia 18 Aprili 1980. Mzee wa Nachingwea aliyewaona wapiganaji wa FRELIMO kambini haelezwi mara mbili kwa nini jambo hilo lilikuwa zito. Franco Luambo wa Kongo, aliyefariki 12 Oktoba 1989, hahitaji uzi, kwa sababu aliyecheza dansi miaka ile ana lake la kusema. Remmy Ongala, aliyefariki 13 Desemba 2010, vilevile.

Ajali ya ndege ya 3 Februari 1959 iliyowaua Buddy Holly na wenzake wawili huko Iowa ni tukio kubwa kwa Wamarekani. Redioni Lindi ni sentensi moja, au haipo. Hakuna sheria inayosema kila kilicho kikubwa kwao kiwe kikubwa kwetu. Kwa upande mwingine, Albert Mangwea wa bongo fleva, aliyefariki 28 Mei 2013, orodha nyingi za nje hazimtaji, na vijana wa Chikongola wataacha wanachofanya wamsikilize.

Ngoma nazo zina siku. Tamasha la MaKuYa, ambalo jina lake limeunganishwa kutoka Makonde, Makua na Yao, hufanyika Mtwara, na kila lilipofanyika kulikuwa na tarehe, vikundi na bango. Kusanya mabango. Baada ya miaka kumi hayo ndiyo yatakuwa chanzo chako cha pili. Sindimba ikipigwa na kikundi chenye jina, mbele ya watu, tarehe inayojulikana, ni tukio la muziki sawa na la Wembley.

"Alifariki", si "amefariki"

Hili ni la kupigia mstari mwekundu. Mtangazaji akisema "amefariki mwanamuziki fulani", aliyewasha redio sekunde hiyo anasikia taarifa ya msiba. Ndani ya dakika tano simu zinaita, na jioni uvumi uko Masasi. Kipande hiki hakina "amefariki", "amezaliwa" wala "ametoa". Ni "alifariki", "alizaliwa", "alitoa", na mwaka unatangulia kitenzi: "Mwaka 2001, tarehe kama ya leo, alifariki..." Anayefungulia katikati atausikia mwaka kwanza, au atakosa vyote.

Umri upige hesabu kwa mkono. Whitney Houston alizaliwa 9 Agosti 1963, akafariki 11 Februari 2012. Ukitoa miaka unapata 49, lakini Agosti ya 2012 haikufika, kwa hiyo alikuwa na 48. Usiandike "miaka 24 iliyopita" kwenye karatasi, maana mwakani mwenzako ataisoma ilivyo. Andika mwaka wa tukio, na idadi acha mstari mtupu ujazwe siku ya kusoma.

Mfano: 11 Februari

Ukurasa huu umenona. Mwaka 1963, Jumatatu, Beatles waliingia studio ya EMI barabara ya Abbey, London, wakarekodi sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza kwa siku moja, nyimbo kumi. Mwaka 2001, Jumapili, alifariki Fadhili William wa Kenya. Mwaka 2012, Jumamosi, alifariki Whitney Houston, saa 9:55 alasiri kwa saa za California, ambayo kwetu ni saa 8:55 usiku, tarehe 12. Na mwaka 1990 Nelson Mandela alitoka gerezani, tukio lisilo la muziki linaloweza kukupa wimbo.

Tukio kuu ni Fadhili William, dogo ni Whitney. Beatles wanangoja mwakani.

Dakika tatu ni sekunde 180. Zigawe hivi: kiashirio (mlio wa kutambulisha kipande) 8, ufunguzi 12, tukio kuu 60, kipande cha wimbo 45, tukio dogo 30, kufunga huku wimbo ukipanda 25. Msomaji wa kawaida wa Kiswahili redioni huenda maneno 105 hadi 115 kwa dakika, maana maneno yetu ni marefu. Ukiandika maneno 150 kwa sekunde 60, atasoma kama anafukuzwa.

Tukio kuu, chini ya maneno 110:

"Ni mwaka 2001. Tarehe 11 Februari, siku ya Jumapili, alifariki nchini Kenya mwanamuziki Fadhili William. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili. Jina lake halitajwi bila wimbo mmoja: Malaika. Fadhili William aliurekodi akiwa na Jambo Boys, na baadaye Miriam Makeba wa Afrika Kusini akaubeba hadi kwenye majukwaa ya dunia. Nani hasa aliyeutunga? Hilo watu wamelibishania miaka na miaka. Ila kisa chake kinaeleweka Kilwa hadi Newala: kijana anapenda, mfuko mtupu, mahari haipo. Huyu hapa Fadhili William."

Tazama vitenzi. Imeandikwa "aliurekodi", haikuandikwa "aliutunga", kwa sababu kurekodi kuna ushahidi na kutunga kuna ugomvi. Umri umeandikwa kwa maneno ili ulimi usikwame. Jina la mtu limerudi mwisho, mlango wa kuingilia wimbo. Kwa tukio dogo, juu ya Whitney Houston andika kwa penseli "Witni Hyuston". Mtangazaji asiye na uhakika wa jina hupunguza sauti anapolifikia, na msikilizaji huisikia hofu hiyo.

Wimbo, kanda na makelele yake

Sekunde 45 zianzie pale mwimbaji anapoingia, sekunde mbili tatu kabla. Nyimbo za dansi zina utangulizi mrefu wa magitaa, na ukianzia mwanzo muda utaisha kabla ya sauti ya mtu. Kwa nyimbo za Franco za dakika kumi na zaidi, amua mapema: maneno au sebene (sehemu ya magitaa ya kuchezea). Vyote viwili havienei.

Usisome juu ya sebene. Gitaa la kwanza liko kwenye masafa yaleyale ya sauti ya binadamu, vinapigana, na kwenye redio ya spika moja gitaa linashinda. Kama lazima muziki uwe chini ya maneno, ushushe desibeli 15 (kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya sauti ya msomaji. Vilele vya sauti yote viishie desibeli 3 chini ya kikomo. Programu ya Audacity inatosha na ni ya bure.

Faili ipe jina linaloanza na mwezi, kisha siku: 02-11-fadhili-william. Kompyuta itayapanga yenyewe kwa mfuatano wa mwaka. Ukianza na siku, tarehe 11 za miezi yote zitarundikana pamoja. Weka nakala kwenye flashi mbili, moja ikae nje ya studio.

Kanda za kaseti za wazee zina thamani kubwa, na hali ya hewa ya pwani haizihurumii. Ukipewa kaseti yenye ukungu mweupe kwenye tepe, usiitie kwenye redio siku hiyo: ukungu utahamia kwenye kichwa cha redio kinachosoma tepe na kuharibu kanda inayofuata. Iweke mahali pakavu siku kadhaa, pasipo na jua kali. Zungusha gurudumu kwa penseli kuona kama tepe imegandana. Futa kichwa na mpira wa redio kwa pamba na spiriti, subiri ikauke, kisha peleka kanda mbele hadi mwisho na uirudishe yote kabla ya kupiga. Tepe iliyokaa miaka imejibana, na hatua hiyo huilegeza. Kaseti ya dakika 60 ina tepe nene kidogo na huvumilia. Ya dakika 120 ni nyembamba, na ndiyo redio huila. Rekodi upande wote kwa mkupuo mmoja, utakata baadaye, kwa sababu huenda kanda isikubali kupigwa mara ya pili. Mrudishie mwenyewe kaseti yake pamoja na nakala kwenye flashi, na andika alichokuruhusu kufanya nacho.

Nyimbo za watu zina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 nyuma yake. Andika kila siku wimbo, mtunzi, mwimbaji na sekunde zilizopigwa. Daftari unalo tayari, ongeza safu moja.

Ramadhani, Kwaresima na msimu wa korosho

Mwezi wa Ramadhani wasikilizaji wengi wa pwani hawataki sebene mchana. Sogeza kipande baada ya futari, au chagua matukio ya taarabu ya zamani na kaswida na upunguze kipande cha wimbo hadi sekunde 20. Kwaresima nayo ipo, hasa upande wa Masasi na Ndanda. Wiki za minada ya korosho hakuna anayesikiliza chochote kabla ya bei. Kipande kiwekwe baada ya bei, kamwe si kabla.

Msanii wa karibu akifariki leo hii, kipande cha siku hiyo kinasitishwa chote, hata kama kilikuwa cha kuzaliwa kwa mwingine. Kusoma vifo vya zamani siku ya msiba mpya kunawachanganya watu, na sababu ya kifo hutaji mpaka familia iseme.

Ukikosea

Sahihisha kesho yake, wakati uleule, kwa sentensi moja kabla ya kiashirio: "Jana tulisema tarehe 18, ni tarehe 17." Usieleze kosa lilitoka wapi. Kwenye ukurasa kata mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, na uandike sahihi kwa kalamu nyekundu pamoja na tarehe ya kusahihisha. Ukilifuta kabisa, mwakani mwenzako atakutana na kosa lilelile mtandaoni na kuliandika upya, akidhani umelisahau.

Ukurasa wa 29 Februari jaza kama mingine. Mwaka usio na siku hiyo matukio yake hayahamishiwi 28 wala 1 Machi; yanangoja mwaka wake ufike.